Mtunza Hazina Aliyevikwa Taji

Jina la Natal tunaloliandika kwenye anwani zetu hapa Durban lilianza na Vasco da Gama, aliyeipita pwani hii siku za Krismasi mwaka 1497. Natal kwa Kireno ndiyo Krismasi. Mwaka 1502 akatia nanga Kilwa na mizinga yake, akidai kodi ya dhahabu. Hapo anaingia mtu ambaye masimulizi mengi humpita haraka mno: Muhammad bin Ruknuddin Addabuli, ambaye Wareno walimwita Ankoni.

Hakuwa wa ukoo wa masultani. Nisba yake yaonyesha asili ya Dabhol, bandari ya magharibi ya Bara Hindi, naye Kilwa alikuwa mtunza hazina. Aliyetawala, Amiri Ibrahimu, naye alikuwa ofisa tu, aliyeshika madaraka baada ya Sultani al-Fudhail kuuawa. Waandishi wa Kireno wasema Ibrahimu alimtoa Muhammad awe rehani kwa da Gama, kisha akakataa kulipa. Ikabidi rehani ajikomboe kwa mali yake mwenyewe. Dhahabu ya kodi ya Kilwa ilifuliwa chombo cha ibada cha kanisa, kikakamilika mwaka 1506, nacho kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Lisbon.

Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, Ibrahimu akakimbia. Muhammad akavikwa taji la dhahabu lililokuwa limekusudiwa mfalme wa Cochin, huko India. Wengi humwita kibaraka, na sina haja ya kumsafisha: alitawala chini ya ngome ya Wareno. Lakini aliomba mrithi wake awe Mikati, mwana wa al-Fudhail, si mwanawe wa kumzaa. Kibaraka gani huyo anayewanyima watoto wake kiti? Mimi namwona mtumishi wa serikali aliyejua kwamba kiti kina wenyewe.

Hakukikalia sana. Mwaka 1506 aliuawa kwa hila na mtawala jirani. Hata hivyo kiti kilimwangukia mwanawe, Haji Hasani, kwa idhini ya Wareno. Hasani akalipiza kisasi cha baba yake kwa gharama kubwa, mpaka watu wakamchoka. Akaondolewa, akawekwa Mikati, ambaye naye hakudumu. Mwaka 1512 Wareno wakaihama ngome yao, na Ibrahimu akarudi kutawala Kilwa.