Mpira wa kikapu wa vyuo Marekani: Kikosi hupimwaje kabla ya msimu?

Kila ifikapo Oktoba, wiki chache kabla ya msimu wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani kuanza, makocha, waandishi wa habari na mashabiki huanza kuvipima vikosi. Katika ngazi ya juu ya mashindano hayo kuna vyuo zaidi ya 350, na karibu kila kimoja huwa na sura mpya. Kuna wanafunzi waliohitimu, walioitwa kwenye ligi ya kulipwa ya NBA na waliohamia vyuo vingine. Wanaobaki hukutana na wageni ambao hawajawahi kucheza nao hata dakika moja.

Kazi ya kuwapima wachezaji hao hufanywa vibaya mara nyingi, na kosa huwa lile lile. Mtu huchukua wastani wa pointi za msimu uliopita, huwaondoa walioondoka, huwajumlisha wanaoingia, kisha hutoa hukumu. Mfano mzuri wa kuonyesha kwa nini hesabu hiyo haitoshi ni Chuo Kikuu cha Connecticut, maarufu kama UConn, katika vuli ya mwaka 2023.

Wapenzi wa kikapu nchini Tanzania wanakijua chuo hicho. Ndiko alikocheza Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.2, kati ya mwaka 2006 na 2009, kabla ya kuchaguliwa wa pili katika drafti ya NBA na klabu ya Memphis Grizzlies.

Bingwa aliyebomoka

Aprili 2023 UConn ilitwaa ubingwa wa taifa mjini Houston kwa kuifunga San Diego State 76 kwa 59. Miezi michache baadaye, watatu kati ya watano waliokuwa wakianza mechi walikuwa wameondoka. Adama Sanogo, senta kutoka Bamako, Mali, aliyechaguliwa mchezaji bora wa hatua ya mwisho ya mashindano, alikuwa akifunga wastani wa pointi 17.2. Jordan Hawkins, mtupaji wa mbali, alikuwa na 16.2. Andre Jackson alifunga 6.7 tu. Ukijumlisha, watatu hao waliondoka na karibu nusu ya pointi zote za timu.

Kwa hesabu ya pointi, UConn ilikuwa imebaki na mifupa. Waandishi wanaopiga kura ya shirika la habari la Associated Press waliiweka nafasi ya sita, nyuma ya Kansas, Duke, Purdue, Michigan State na Marquette. Si nafasi mbaya, lakini bingwa mtetezi hakuwa akitajwa kama tishio la kwanza.

Kocha Dan Hurley alikuwa na swali tofauti. Kwake, pointi zilizoondoka hazikuwa na uzito kama kazi zilizoachwa wazi, na nani angeweza kuzifanya. Sanogo alikuwa akipokea mpira karibu na kikapu na kupigana na miili mikubwa. Hawkins alikuwa akizunguka uwanja mzima bila mpira, akiwachosha mabeki hadi apate nafasi ya kutupa. Kazi ya Jackson ndiyo ngumu zaidi kuiona katika takwimu: alimkaba mshambuliaji hatari wa timu pinzani, akachukua ribaundi 6.2 na kutoa pasi za mabao 4.7 kwa mechi. Anayetazama pointi zake 6.7 angedhani pengo lake ni dogo. Kwa maoni yetu lilikuwa kubwa kuliko la Hawkins, maana watupaji wazuri wa mbali ni rahisi kuwapata kuliko mtu anayefanya kazi tatu bila kudai mpira.

Dakika kwanza, pointi baadaye

Mrithi wa Sanogo alikuwa tayari ndani ya nyumba. Donovan Clingan, mwenye urefu wa mita 2.18, alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekaa benchi nyuma ya Sanogo. Wastani wake ulikuwa pointi 6.9 na ribaundi 5.6. Ukiishia hapo, unaona mchezaji wa kawaida.

Lakini Clingan alikuwa akicheza dakika 13 hivi tu. Mechi ya chuo ina dakika 40, vipindi viwili vya dakika 20. Ukigawa pointi zake kwa dakika zake kisha ukazidisha kwa 40, unapata pointi 21 na ribaundi 17. Hicho ndicho kipimo ambacho wachambuzi hukitumia kwa wachezaji wa akiba, nacho kinaeleza mengi.

Kina mtego wake, hata hivyo. Mchezaji wa akiba huingia akiwa na nguvu mpya na mara nyingi hukutana na wachezaji wa akiba wa upande wa pili. Tena, mchezaji wa chuo hutolewa akifikisha faulo tano, na masenta wakubwa huzipata upesi. Kwa hiyo mchambuzi makini hakusema Clingan atafunga 21. Alijiuliza atastahimili dakika ngapi kabla ya pumzi au faulo kumtoa.

Jibu lilikuwa dakika 22 na nusu. Alimaliza msimu na wastani wa pointi 13 na ribaundi 7.4. Kiwango chake cha kufunga kwa dakika hakikushuka, kilipanda kidogo. Kiwango cha ribaundi ndicho kilichopungua, jambo la kutarajiwa kwa mtu anayekutana na masenta wa kikosi cha kwanza kila siku. Dakika zilizobaki zilikwenda kwa Samson Johnson, mzaliwa wa Lomé, Togo, ambaye kabla ya hapo alikuwa hachezi sana. Kazi ya mtu mmoja iligawanywa kwa wawili, na hakuna orodha ya pointi za mwaka uliotangulia ambayo ingelionyesha hilo.

Wageni kutoka vyuo vingine

Tangu mwaka 2021 kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, zimeruhusu mchezaji kuhama chuo na kucheza mara moja bila kukaa nje msimu mzima. Mwaka 2024 kikomo cha idadi ya kuhama kikaondolewa pia, mradi masomo yake yako sawa. Kupima wachezaji wanaohama sasa ni nusu ya kazi yote.

Tristen Newton ni somo zuri. Akiwa East Carolina, timu isiyo na jina kubwa, alikuwa akifunga pointi 17.7. Alipohamia UConn mwaka 2022, wastani ulishuka hadi 10.1. Hakuwa ameporomoka kiwango. Alitoka mahali alipokuwa kila kitu akaingia mahali ambapo Sanogo na Hawkins walipewa mpira kwanza. Walipoondoka, nafasi yake ilirudi. Msimu wa 2023/24 alifunga 15.1, akaongeza ribaundi 6.6 na pasi za mabao 6.2, na akachaguliwa kwenye kikosi bora cha taifa.

Cam Spencer alitoka Rutgers kuchukua kazi ya Hawkins. Alikuwa ametia asilimia 43 ya mitupo yake ya pointi tatu. Hapa panahitaji tahadhari: mchezaji hutupa mara 100 au 200 tu kwa msimu kutoka umbali huo, na katika mitupo 100 bahati peke yake inaweza kumpandisha au kumshusha mtu kwa asilimia tano au zaidi. Makocha hupenda kulinganisha na mitupo huru, ile isiyo na mkabaji. Anayetia karibu tisa kati ya kumi katika mitupo huru, kama Spencer, mkono wake ni wa kuaminika. Anayetia sita kati ya kumi lakini ana msimu mmoja mtamu wa pointi tatu, usimjengee timu. Spencer alimaliza na asilimia 44.

Newton na Spencer walikuwa na jambo jingine la pamoja: wote walikuwa katika msimu wao wa tano, kwa sababu NCAA iliwaongezea mwaka wachezaji waliocheza wakati wa janga la UVIKO-19. Mtu wa miaka 22 au 23 anayekabana na wa miaka 18 ana mwili uliokomaa na ameona kila aina ya ulinzi. Katika tathmini nyingi umri hutajwa mwishoni. Ungestahili kuwa ukurasa wa kwanza.

Mwaka wa kwanza

Kundi gumu kulipima ni la wanaotoka sekondari. Orodha za vipaji huwapanga kwa nambari, lakini nambari hiyo huzungumzia zaidi watakachokuwa siku za usoni kuliko watakachofanya Novemba. UConn ilileta vijana kadhaa mwaka ule, na wengi wao walikaa benchi. Mmoja aliyeanza ni Stephon Castle, kutoka jimbo la Georgia.

Castle hakuwa mtupaji mzuri wa mbali. Kati ya kila mitupo minne ya pointi tatu, alitia kama mmoja. Lakini alikaba, alichukua ribaundi na alikubali kupewa mshambuliaji mkali wa timu pinzani. Kwa maneno mengine, alichukua kazi ya Jackson. Kumbuka pia alivyotumika: kijana aliyekuwa nyota wa sekondari yake hakuombwa awe nyota wa chuo. Alifunga pointi 11.1, na mwaka 2024 San Antonio Spurs walimchagua wa nne katika drafti.

Alex Karaban, aliyebaki katika kikosi, alipanda kutoka pointi 9.3 hadi 13.3. Hassan Diarra aliingia kutoka benchi na kuchaguliwa mchezaji bora wa akiba wa ligi yao, Big East. Timu ilishinda mechi 37, ikapoteza 3, na Aprili 2024 ikatwaa tena ubingwa kwa kuifunga Purdue 75 kwa 60. Katika fainali hiyo senta wa Purdue, Zach Edey, alifunga pointi 37. UConn iliridhia hilo: ilimwachia Clingan amkabe karibu peke yake, na wengine wakawafunika watupaji wa mbali, ambao timu nzima walitia mtupo mmoja tu wa pointi tatu. Kansas, iliyopewa nafasi ya kwanza kabla ya msimu, ilitolewa raundi ya pili na Gonzaga.

Haina maana kwamba tathmini nzuri ingetabiri ubingwa. Clingan aliumia mguu kabla ya msimu na akaumia tena Desemba. Castle naye alikosa mechi kadhaa mwanzoni kwa sababu ya goti. Jeraha moja baya zaidi lingeandika hadithi nyingine.

Thabeet na mipaka ya kipimo

Thabeet alipoanza UConn alifunga pointi 6.2 kwa mechi, lakini alizuia mitupo 3.8. Kufikia mwaka wake wa tatu alikuwa na pointi 13.6, ribaundi 10.8, na timu ilifika nusu fainali ya taifa. Aliyempima kwa pointi mwaka ule wa kwanza alimkosa. Aliyetazama jinsi wapinzani walivyoogopa kusogelea kikapu alimwona.

Katika NBA mambo yaligeuka. Wastani wake wa jumla ulikuwa pointi 2.2. Urefu uliowatisha vijana wa vyuo haukuwa ajabu tena mbele ya watu wazima wenye nguvu na kasi, na muda wake wa kujifunza ulikuwa mfupi, maana alianza kuushika mchezo huu akiwa tayari kijana wa sekondari. Faida ya mchezaji hubadilika thamani anapopanda ngazi. Ni kanuni ile ile inayomhusu anayehama kutoka chuo kidogo kwenda kikubwa, ila kwa Newton ilimwendea vizuri.

Nani analipia kosa la kipimo

Kwa shabiki, tathmini yenye makosa ni ubishi wa kijiweni. Kwa mchezaji ni jambo jingine. Mwaka ule timu ya wanaume iliruhusiwa ufadhili wa masomo kwa wachezaji 13. Kuanzia msimu wa 2025/26 vyuo vilivyojiunga na utaratibu mpya vinaweza kuwa na wachezaji 15. Kocha anayeona mgeni anafaa zaidi humwonyesha mwenyeji mlango, kwa upole au bila upole, na mwenyeji huyo hutafuta chuo kingine akiwa na rekodi ya dakika chache.

Mambo yamekuwa mazito zaidi tangu fedha ziingie. Mwaka 2021 wachezaji waliruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Bei ya mchezaji hupangwa majira ya kuchipua, kwa tathmini hizi hizi.

Kijana kutoka Afrika ana mzigo wa ziada. Wengi huingia kwa viza ya mwanafunzi, ambayo huwabana sana katika kazi za kulipwa, na ruhusa yao ya kukaa nchini inategemea kuendelea na masomo. Akiachwa na timu moja, hana miezi ya kusubiri nyumbani hadi simu ilie. Ndiyo maana mzazi au kocha wa Dar es Salaam, Bukavu au Nairobi anayepokea ahadi kutoka chuo cha Marekani anafaa kuuliza, kabla ya jambo lingine, ni nani sasa anacheza nafasi hiyo, yuko mwaka wa ngapi, na kijana wake ataingia kufanya kazi ya nani.