Kete

Katika mchezo wa kompyuta wa Kijapani uitwao Dragon Quest IV, uliotoka mwaka 1990, mna nyumba ya kamari ambamo mchezaji huinunua kwa dhahabu yake sarafu ya humo humo, ambayo, hata ikimjaa tele, hairejei tena kuwa dhahabu, bali hubadilishwa kwa silaha na tunu nyinginezo. Sarafu ya jinsi hiyo tuiiteje?

Wako wasemao tokeni. Lakini sisi watu wa mwambao, tangu Bagamoyo hadi Saadani na Pangani, tunalo neno letu. Kete ni kauri ndogo ya pwani, ambayo katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg waliipakia majahazini mwao kwa shehena kutoka Unguja, wakaipeleka Afrika Magharibi ikawa fedha, na ambayo huko Buganda, kwa jina la ensimbi, ndiyo iliyowaachia wenyeji neno la fedha hata leo. Na kete, kwa lugha ya barazani, ni kila moja ya zile 64 zizungukazo katika mashimo 32 ya bao, ijapokuwa aghalabu huwa ni komwe. Fedha na mchezo vimekwisha kukutana humo zamani. Nawasihi wafasiri wa michezo hii waandike kete.