Barua ya Darcy: Riwaya ya Jane Austen katika Televisheni ya Uingereza

Riwaya ya Jane Austen iitwayo Pride and Prejudice ilichapishwa mwaka 1813 katika majuzuu matatu. Kisa chake ni chepesi kukieleza: Elizabeth Bennet anamchukia Bwana Darcy kwa kiburi chake, kisha anatambua kwamba alimhukumu vibaya, na mwisho wanaoana. Ugumu umo katika usimulizi. Ijapokuwa mwandishi anadokeza mapema, katika sura ya 6, kwamba Darcy ameanza kuvutiwa, mengi msomaji huyapata kwa fikra za Elizabeth, hata akakosea pamoja naye. Katika sura ya 35 Darcy anajitetea kwa barua. Elizabeth hamwulizi shahidi yeyote. Hana budi kuisoma tena na tena, akiyapima maneno, mpaka ajisute mwenyewe.

Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, liliigiza riwaya hii katika televisheni kwanza mwaka 1938, kisha miaka ya 1952, 1958 na 1967. Mwaka 1980 Fay Weldon aliiandika upya kwa sehemu tano. Yeye aliyapa sauti mawazo ya Elizabeth, mtazamaji akayasikia pasipo mhusika kufumbua kinywa. Kwa njia hiyo mchezo ulibaki karibu na nafsi ileile inayotawala kitabu.

Andrew Davies, katika sehemu sita za mwaka 1995, alishika njia nyingine. Darcy alipewa maisha yake nje ya macho ya Elizabeth: anaoga, anajizoeza upanga, anaogelea ziwani, mambo ambayo Austen hakuyaandika. Barua nayo iligeuzwa picha. Mtazamaji humwona Darcy akiiandika, na kuyaona matukio ya zamani anayoyataja.

Hapo ndipo penye faida na hasara. Mapenzi ya Darcy yalipata mwili, na mchezo ukapendwa mno. Lakini kilichokuwa dai la mtu mmoja kimekuwa ushahidi wa macho, na kazi ya kupima maneno imemwondokea mtazamaji. Elizabeth bado anajisuta. Mtazamaji hana tena sababu ya kujisuta.

Basi mhakiki anayepima uaminifu wa tamthilia kwa kuhesabu matukio yaliyohifadhiwa au kuachwa hajafika kwenye kiini. Yampasa kwanza aulize ni nani anayeona, na ni nani anayeruhusiwa kukosea.