Jumamosi moja Kalemie: bandari, Lukuga, Mtoa na majina tuliyosahau

Ndugu wasomi, nianze na swali dogo. Mgeni akifika Kalemie Ijumaa jioni, na Jumapili anarudi kwao, Jumamosi unamupeleka wapi? Wengi wetu tutajibu: ufukoni, tunakula mikebuka ya kukaanga na bukari, tunapiga picha, tunarudi nyumbani. Si vibaya. Ziwa ni zuri na samaki ni watamu.

Lakini kuna mgeni mmoja, mwanafunzi mwenzangu kutoka Lubumbashi, aliyeniaibisha. Tulisimama karibu na bandari, akaniuliza: "Hii reli ilifika hapa mwaka gani? Na ni nani walioijenga?" Nikanyamaza. Mimi, mtoto wa hapa, niliyeweza kueleza vita ya Verdun mbele ya mwalimu bila kukwama, sikujua kwamba vita ile ile ilipiganwa pia kwenye maji ninayooga tangu utoto.

Tangu siku ile nimejiwekea desturi: Jumamosi nikiwa na nafasi, natembea. Leo nawapendekezea matembezi matatu. Hayataki pesa nyingi. Viatu, chupa ya maji, pesa ya moto kwa safari ya mbali, na masikio.

Matembezi ya kwanza: gare na bandari

Anza asubuhi, jua likiwa bado na huruma. Fuata reli mpaka pale inapokutana na maji. Hapo utaelewa kwa nini mji huu upo. Reli inatoka Kabalo, karibu kilomita 270 toka hapa, na ilifika ziwani mwaka 1915, vita ikiwa imeshaanza. Kabalo ni kwenye Lualaba. Kwa hiyo reli hii iliunganisha mto mkubwa wa nchi yetu na ziwa, na ng'ambo ya ziwa kuna Kigoma, na kutoka Kigoma kuna reli nyingine mpaka Dar es Salaam, baharini. Ukisimama hapa umesimama katikati ya Afrika, lakini bahari si hadithi ya mbali.

Njo maana walipigania pale. Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, ilikuja mpaka Lukuga na kuipiga Alexandre Del Commune, meli ya Wabelgiji. Wajerumani wakawa wakubwa wa ziwa lote. Waingereza wakatafuta dawa ambayo hata leo mtu akiisikia anacheka: walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka London. Kwa meli mpaka Cape Town, kwa treni mpaka Fungurume, halafu zikakokotwa porini na juu ya milima ya Mitumba mpaka Sankisia. Kutoka hapo reli fupi mpaka Bukama, Lualaba mpaka Kabalo, na treni mpaka hapa. Zilifika mwisho wa Oktoba 1915. Tarehe 26 Desemba ziliikamata Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa.

Habari hii imeandikwa vitabu, tena vya kuchekesha, kwa sababu mkubwa wa msafara, Spicer-Simson, alikuwa mtu wa majivuno na vituko. Lakini soma polepole, ndugu. Pale Mitumba kulikuwa na mashine za mvuke na ng'ombe. Mashine zilipokwama na ng'ombe wakachoka, nani alivuta kamba? Nani alifyeka njia, akajenga madaraja ya miti, akabeba maji ya kulisha mashine? Mamia ya watu wa nchi hii. Jina la boti tunalo. Jina la aliyevuta kamba, hatuna.

Mwaka huo huo wa 1916, askari wa Force Publique waliingia Kigoma mwezi wa saba, na Tabora tarehe 19 Septemba. Nyuma yao walitembea wapagazi, makumi ya maelfu, na wengi hawakurudi. Faida ya ushindi ilionekana hapa bandarini: mwaka 1921 Ubelgiji ilikubaliana na Uingereza, ikapata sehemu zake za kupakia na kupakua mizigo Kigoma na Dar es Salaam. Kalemie, wakati ule Albertville, ikawa mlango.

Siku moja nilimkuta mzee karibu na reli, amekaa kwenye kivuli. Alisema alifanya kazi ya kupakia mizigo tangu ujana wake. Nikamuuliza kuhusu meli za zamani. Akaniangalia, akasema: "Mutoto, bengi banakuya hapa kuuliza majina ya mabwato. Paka leo hakuna mutu alikuya kuniuliza majina ya batu balikuwa banabeba." Nilikaa chini. Alinitajia majina kumi na moja, na ya kumi na mbili ilimuponyoka. Nitairudia habari hii mwishoni.

Matembezi ya pili: mdomo wa Lukuga

Mchana, baada ya kula, nenda uone Lukuga inavyotoka ziwani. Tumezoea mito inayoingia. Huu unatoka, na ni mmoja tu: katika ziwa hili lote, lenye kina cha karibu mita 1,470, Lukuga ndiyo mlango pekee wa maji kutoka. Yanaenda mpaka Lualaba, na mwisho wake ni Atlantiki.

Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika hapa akatangaza kwamba amepata mlango wa ziwa. Mwaka 1876 Stanley akaja, akakuta matete na matope yameziba, maji hayaendi, akambishia. Miaka michache baadaye kizuizi kilikatika, maji yakatoka kwa nguvu, na ziwa likashuka. Ulaya walibishana kama vile ni fumbo lao. Lakini watu wa ufuko huu hawakungoja mtu wa kuwaonyesha mto wao. Waliujua ukiziba, waliujua ukifunguka, kwa sababu mashamba na vijiji vyao vilitegemea jambo hilo.

Hii si habari ya zamani tu. Tuliona mwaka 2021, tukaona tena 2024: ziwa limepanda, nyumba zimeingiliwa na maji hapa kwetu, Uvira, na hata Bujumbura. Watu walitoa magodoro na masufuria usiku. Tukio la karne ya 19 lingekuwa limefundishwa vizuri shuleni, pengine tungejenga kwa akili tofauti karibu na maji. Ziwa lina kumbukumbu. Sisi ndio tumepoteza yetu. Na kila likipanda linakula kipande kingine cha ufuko: kuta za zamani, makaburi, miti ambayo wazee walikuwa wanaitumia kuonyesha "hapa kulikuwa kwa fulani".

Matembezi ya tatu: Mtoa

Hii inataka siku yake. Chukua moto, toka mapema, elekea kaskazini. Mtoa leo ni kijiji cha wavuvi: nyavu, ndagala zinaanikwa, watoto wanakimbilia mgeni. Ukipita haraka utasema hakuna kitu cha kuona.

Lakini karne ya 19 Mtoa ilikuwa bandari kabla ya bandari. Misafara iliyovuka kutoka Ujiji ilishukia upande huu, ikapanda kwenda Manyema, Kasongo na Nyangwe. Ilirudi na pembe za ndovu, na pamoja na pembe, watu wenye minyororo shingoni. Njia hiyo hiyo ilileta kitu ambacho leo ninakitumia kuwaandikia: Kiswahili. Tunakipenda, tunajivunia, na ni haki yetu. Lakini Mtoa inatukumbusha kwamba lugha yetu ya kucheka na kuchumbia ilipita njia ya machozi. Kuna wafanyabiashara walioileta, na kuna wapagazi na watumwa walioibeba mdomoni wakaifanya ya kwao. Majina ya wa kwanza tunayasoma: Tippu Tip, Rumaliza. Majina ya wa pili?

Safari isiyoingia katika siku moja

Kusini, kwa njia ya maji, kuna Mpala. Sikuiweka katika matembezi ya Jumamosi, kwa sababu ni mbali, na kwa sababu si mahali pa kwenda na moyo mwepesi. Mbelgiji Émile Storms alijenga ngome pale mwaka 1883. Desemba 1884 watu wake walimshambulia Lusinga, chifu wa Watabwa, wakamuua na kumkata kichwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji, na mpaka miaka yetu hii limehesabiwa kati ya vitu vya makusanyo ya Brussels. Lusinga mwenyewe hakuwa malaika: naye aliuza watu. Lakini hakuna kosa linalomfanya mtu kuwa namba ndani ya sanduku. Sanamu ya Storms katika Ixelles, Brussels, iliondolewa mwaka 2022. Fuvu nalo linangoja watu wa kuuliza habari yake, na watu hao ni sisi kwanza.

Hapo nilielewa jambo moja. Katika historia ya mwambao wetu, mwenyeji anapata jina akikatwa kichwa, au akiwa mkubwa wa kuuza wenzake. Aliyebeba, aliyevuta, aliyejenga, anaitwa "mpagazi", "kibarua", basi.

Ndiyo sababu nawaomba, ndugu wenye diploma na ninyi mnaoitafuta: msingoje makumbusho ijengwe, msingoje mradi wa mzungu wala wa serikali. Jumamosi ijayo mutembee. Wekeni simu mfukoni kwa nusu saa, mukae karibu na mzee, muulize: ulifanya kazi na nani? Andikeni majina, hata kwenye daftari la shule.

Mimi nilirudi kwa yule mzee majuma matatu baadaye, na soda mbili mkononi, nikitafuta jina la kumi na mbili. Kivuli kilikuwepo. Kijana mmoja akaniambia walikuwa wamemzika Jumanne.

Nina majina kumi na moja.