Faili Yatima: Maandishi Yanapotengana na Kadi Yake

Mtafiti hukusanya vitu viwili: maandishi yenyewe, na taarifa za maandishi hayo. Viwili hivyo vikitengana, maandishi hubaki yatima. Tatizo hili halikuanza na kompyuta.

Mwaka 1789 serikali ya mapinduzi nchini Ufaransa ilitaifisha mali ya Kanisa, na vitabu vingi vya nyumba za watawa vikaangukia mikononi mwa taifa. Ili vijulikane, mwaka 1791 ulitolewa mwongozo wa kuviorodhesha nyuma ya karata za kuchezea. Baadaye, kabati la kadi likawa moyo wa maktaba nyingi duniani. Kadi ikipotea, kitabu kilikuwa bado rafuni, lakini nani angekipata?

Programu za marejeo zimerithi mpango huo. Tuchukue Zotero, iliyotolewa mwaka 2006 na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Jina lake limetokana na kitenzi cha Kialbania chenye maana ya kumudu. Kadi zake zote zimo katika faili moja ya hifadhidata, zotero.sqlite. Viambatisho vimo katika kabrasha liitwalo storage, kila kimoja ndani ya kabrasha dogo ambalo jina lake ni herufi na tarakimu nane zisizo na maana kwa msomaji. Hifadhidata pekee ndiyo inayojua kabrasha lipi ni la kadi ipi. Mtu akihamia kompyuta nyingine na kunakili storage peke yake, programu hufunguka tupu, ingawa PDF zote zipo.

Hatua za uokoaji ni hizi. Kwanza, funga programu na unakili kabrasha zima la data mahali pengine. Pili, tafuta zotero.sqlite ya zamani, au nakala yake ya akiba yenye mkia wa .bak, ikipatikana na ni nzima, undugu wote hurudi pamoja na madokezo yako. Tatu, isipopatikana, tafuta PDF zote ndani ya storage, uingize nakala zake katika maktaba mpya, kisha uiagize programu itafute taarifa zake. Programu husoma kurasa za mwanzo, hutafuta namba ya utambulisho au kichwa cha makala, kisha huandika kadi upya.

Hapo ndipo sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili tunapopaswa kuwa macho. Makala ya jarida la kimataifa hutambulika upesi. Lakini utenzi uliopigwa picha kutoka daftari la mzee, au ngano iliyochapwa kwa taipureta, hauna namba na haumo katika orodha yoyote ya dunia. Mashine haiwezi kuutambulisha. Jina la mtunzi, mahali na tarehe ya kukusanywa vikitoweka kwenye kadi, vimetoweka kabisa, na andiko lisilo na chanzo haliwezi kutajwa katika tasnifu.

Kwa hiyo, kila andiko la namna hiyo lipewe ukurasa wa mwanzo wenye taarifa zake, na jina la faili lenye mtunzi, mwaka na mahali. Mtoto anayejua jina la ukoo wake hapotei, hata akiachwa njiani.