NGOMA ILIYOPASUKA KABLA YA KUVUMA

Wahenga walisema ngoma ivumayo haikawii kupasuka. Katika historia ya muziki wa vijana ipo ngoma moja iliyokwenda kinyume na methali hiyo: ilipasuka kwanza, ikavuma baadaye. Ngoma hiyo ni bendi ya The Velvet Underground ya mjini New York, Marekani, iliyoanza mwaka 1965 na kufikia 1970 ikawa imekwisha kusambaratika.

Nimechagua kuandika habari zake katika gazeti letu hili kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wa shule huunda bendi kila mwaka, na kila mwaka bendi hizo hufa, nasi wakubwa tukasema ni utoto tu. Pili, bendi hii ilipiga onyesho lake la kwanza la malipo katika ukumbi wa shule ya sekondari, na yaliyotokea jioni ile yafaa kujulikana na kila mtu anayeanza jambo jipya.

Walivyokutana

Bendi hii ilikuwa na vichwa viwili. Cha kwanza ni Lou Reed, mzaliwa wa Brooklyn, aliyehitimu Chuo Kikuu cha Syracuse mwaka 1964. Huko alifundishwa na mshairi Delmore Schwartz, na kutoka kwake akapata imani kwamba lugha ya kawaida, lugha ya mtaani, inatosha kusema mambo mazito. Baada ya chuo akaajiriwa na kampuni ya Pickwick kutunga nyimbo za harakaharaka za kuuzwa kwa bei ya chini.

Kichwa cha pili ni John Cale, mtoto wa mchimba makaa ya mawe wa Wales. Huyu alisomea muziki wa darasani mjini London, akaja Marekani mwaka 1963 kwa msaada wa masomo. Chombo chake kilikuwa viola, ndugu mkubwa wa fidla. Mjini New York alijiunga na kikundi cha La Monte Young, ambacho kazi yake ilikuwa kushikilia sauti moja kwa muda mrefu sana bila kuibadilisha. Walirekebisha vyombo vyao kufuata ngurumo ya umeme, ile ile inayosikika kwenye friji usiku nyumba ikiwa kimya. Msicheke, ndugu zangu. Katika ngurumo hiyo ndimo mlimotoka nusu ya muziki ninaousimulia hapa.

Reed alikuwa ametunga wimbo wa Pickwick uitwao ‘The Ostrich’, akiwa amefunga nyuzi zote za gitaa katika sauti moja. Kampuni ilipotafuta vijana wa kuupiga wimbo huo mbele ya watu, Cale akawa mmoja wa waliopatikana. Alishangaa kuona kwamba mtunzi wa nyimbo za bei rahisi amefika, kwa njia yake mwenyewe, mahali pale pale walipofika wasomi wa La Monte Young. Hapo ukaanza urafiki. Akaongezeka Sterling Morrison, mpiga gitaa aliyefahamiana na Reed huko Syracuse, na Angus MacLise wa ngoma. Jina la bendi walilitoa kwenye jalada la kitabu kimoja cha bei ya chini.

Jioni ya Summit

Tarehe 11 Desemba 1965 bendi ilialikwa kupiga katika Shule ya Sekondari ya Summit, katika jimbo la New Jersey. Malipo yalikuwa dola 75 kwa kikundi kizima. MacLise aliposikia kwamba watalipwa, na kwamba kutakuwa na saa ya kuanza na saa ya kumaliza, alijitoa. Kwake yeye muziki haukuwa kazi ya kupangiwa saa. Ikabidi atafutwe mtu upesi, akapatikana Maureen Tucker, msichana aliyekuwa akifanya kazi ya kutoboa kadi za kompyuta.

Yafaa nisimame kidogo kwa Tucker. Yeye alipiga ngoma akiwa amesimama, ngoma kubwa ameilaza ubavu, akitumia nyundo laini na kuviacha vile visahani vya shaba. Katika waliomvutia kuingia katika upigaji ngoma alikuwamo Babatunde Olatunji wa Nigeria, ambaye santuri yake ya ‘Drums of Passion’ ilitoka mwaka 1960. Kwa hiyo mdundo ule ambao wazungu wengi waliuona wa ajabu una tone la Afrika ndani yake, na sisi hatuna budi kulitambua.

Jioni ile walipiga nyimbo tatu tu kabla ya kundi lililosubiriwa kupanda jukwaani. Wanafunzi walikuja kucheza. Badala yake wakasikia viola ikilia kama msumeno na maneno juu ya madawa ya kulevya. Sehemu kubwa ya watazamaji waliinuka wakatoka. Kwa kipimo cha kawaida onyesho lilishindwa. Lakini wiki hiyo hiyo bendi haikuvunjika wala haikubadili hata noti moja. Nionavyo mimi, hapo ndipo bendi ilipozaliwa hasa.

Juu ya maneno ya nyimbo hizo niseme wazi. Reed aliandika habari za wavuta unga, walanguzi na watu waliotupwa pembeni ya mji, kwa sababu aliwaona. Hakuwasifu, wala hakuwahukumu. Kijana anayesoma makala haya asidhani kwamba uzuri wa muziki ule ulitokana na sindano. Ulitokana na mazoezi, na ukweli wa maneno.

Msaada wa Warhol

Mwezi huo huo walipata kazi katika Café Bizarre. Mwenye nyumba aliwakataza kurudia wimbo mmoja uliokuwa unawafukuza wateja. Wao wakaupiga tena kwa nguvu zaidi, wakafukuzwa. Lakini kabla ya kufukuzwa walikuwa wamekwisha kuonwa na mchoraji Andy Warhol, ambaye jina lake lilikuwa limeenea mji mzima. Akawachukua, akawapa mahali pa kufanyia mazoezi na vyombo, akawaongezea mwimbaji Mjerumani aliyejulikana kwa jina la Nico. Mwaka 1966 akaunda onyesho la muziki, sinema na taa, lililozunguka Marekani kwa jina la Exploding Plastic Inevitable.

Santuri yao ya kwanza ilirekodiwa kwa sehemu kubwa katika siku chache za Aprili 1966, lakini haikutoka mpaka Machi 1967. Jalada lilikuwa na picha ya ndizi iliyochorwa na Warhol, na ganda lake lingeweza kubanduliwa. Ilipotoka tu ikazuka kesi ya picha iliyokuwa nyuma ya jalada, kampuni ikabidi iondoe nakala madukani na kurekebisha. Katika orodha ya jarida la Billboard haikupanda kupita nafasi ya 171.

Santuri ya pili, ‘White Light/White Heat’, ilitoka Januari 1968. Wapigaji wa rika langu walizoea kwamba gitaa likipiga yowe katika kipaza sauti, fundi mitambo hukimbia kupunguza sauti. Hawa waliliacha lipige yowe. Wimbo wa mwisho, ‘Sister Ray’, una dakika zaidi ya 17, ulirekodiwa mara moja tu, na kila mpigaji alikuwa akipandisha sauti ya chombo chake ili asimezwe na mwenzake. Mimi nilipousikia kwa mara ya kwanza nilidhani kanda imeharibika. Mara ya tatu ndipo nilipoanza kusikia kwamba chini ya makelele yale Tucker anashika njia bila kuyumba, kama mtu atwangaye kinu huku watu wakigombana uani. Santuri hiyo ilifika nafasi ya 199, ikatoweka.

Fahali wawili

Kwa nini basi walivunjika? Wengine husema ni umaskini. Umaskini ulikuwapo, lakini huo walikuwa nao tangu mwanzo na haukuwatenganisha. Nionavyo mimi sababu zilikuwa tatu.

Ya kwanza ni ile ya fahali wawili katika zizi moja. Cale alitaka kwenda mbele zaidi katika makelele. Reed alitaka kurudi kwenye nyimbo fupi ambazo maneno yake yasikike. Wote wawili walikuwa na haki, na hilo ndilo lililofanya ugomvi usiwe na dawa. Septemba 1968 Reed aliwaita Morrison na Tucker bila kumwita Cale, akawaambia kwamba Cale asipoondoka basi hakuna bendi tena. Wakakubali kwa shingo upande. Morrison ndiye aliyebeba mzigo wa kumpasha mwenzake habari hiyo.

Ya pili ni kuondoka kwa mlezi kabla watoto hawajakomaa. Warhol aliachishwa kazi mwaka 1967, na usimamizi ukachukuliwa na Steve Sesnick. Alipoingia Doug Yule mahali pa Cale, bendi ilipata kijana hodari mwenye sauti nzuri, na santuri ya tatu, ya Machi 1969, ni ya upole unaogusa moyo. Lakini baada ya muda maneno yalianza kupita kwa msimamizi badala ya kupita kati ya wapigaji wenyewe. Kikundi ambacho wenzake hawasemezani ana kwa ana kimekwisha kufa, ingawa bado kinapiga.

Ya tatu ni uchovu. Katika kiangazi cha 1970 walipiga kwa wiki nyingi katika ukumbi wa Max's Kansas City mjini New York. Tucker hakuwapo, alikuwa mja mzito. Mchana walikuwa wakirekodi santuri ya nne, ‘Loaded’, usiku wanapiga. Tarehe 23 Agosti Reed alipiga onyesho lake la mwisho, akarudi kwa wazazi wake, akafanya kazi ya kupiga chapa katika ofisi ya hesabu ya baba yake. ‘Loaded’ ilitoka Novemba, mwenyewe hayupo.

Morrison aliondoka mwaka 1971 kwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Texas, akapata shahada ya udaktari katika fasihi ya Kiingereza cha kale mwaka 1986, na pia akawa nahodha wa tishali la kuvuta meli huko Houston. Tucker alilea watoto akafanya kazi dukani. Yule alitoa santuri moja zaidi kwa jina la bendi mwaka 1973, lakini lilikuwa jina tu.

Mvumo

Sasa msomaji ataniuliza: mvumo uko wapi? Niende Prague. Mwaka 1968 mwandishi wa michezo ya kuigiza Václav Havel alizuru New York, akarudi kwao Chekoslovakia na santuri ya bendi hii. Agosti mwaka huo majeshi ya Mkataba wa Warsaw yaliingia nchini humo. Mwezi uliofuata vijana wa Prague waliunda bendi ya The Plastic People of the Universe, nao wakapiga nyimbo za Velvet Underground katika nchi ambamo hata kupiga muziki kulihitaji kibali. Kibali chao kiliondolewa, wakaendelea kwa siri. Mwaka 1976 walikamatwa, na baadhi ya waliohukumiwa walifungwa kwa miezi kati ya 8 na 18. Kesi ile iliwaunganisha watu waliotoa tamko la haki za binadamu la Januari 1977, Havel akiwa mmoja wao. Desemba 1989 Havel akawa rais wa nchi, na mwaka uliofuata Lou Reed alikwenda Prague kuzungumza naye.

Sisemi kwamba santuri ya nafasi ya 199 iliangusha serikali. Serikali huangushwa na mambo mengi. Nasema tu kwamba waliotoka ukumbini Summit hawakuwa wasikilizaji wa mwisho. Tena, bendi za makelele zilizotokea New York, London na Chicago katika miaka ya 1970 na 1980 zilichota katika kisima hicho hicho.

Mwaka 1993 wanne wale, yaani Reed, Cale, Morrison na Tucker, walirudiana wakazunguka Ulaya, Prague ikiwamo. Walipangiwa kwenda Marekani, lakini fahali wale wawili wakagombana tena kabla ya safari. Morrison alifariki Agosti 1995, siku moja baada ya kutimiza miaka 53, na Reed akafariki Oktoba 2013.

Kwenu mlioko madarasani nina machache. Mkiunda kikundi, kubalianeni mapema jinsi ya kugawana fedha na jinsi ya kutofautiana, maana siku ya kutofautiana haina budi kuja. Msiondoe mwenzenu kwa mkutano asioalikwa. Na watu wakitoka ukumbini, jiulizeni kwa unyofu kama mlipiga vibaya au mlipiga jambo geni. Ikiwa mlipiga vibaya, rudini mazoezini. Ikiwa mlipiga jambo geni, rudini mazoezini vile vile, wala msibadili wimbo.

Kwenu wazee wenzangu, ombi moja. Onyesho la mwisho la Reed linajulikana leo kwa sababu shabiki mmoja alikuwa na kinasa sauti kidogo cha kaseti mezani, na kaseti yake ikawa santuri mwaka 1972. Kama ninyi mna kaseti za bendi zetu za shule katika masanduku, zitoeni kabla ukungu haujazila.