Daftari la Mji: Habari za Uchaguzi wa Madiwani Mbeya na Iringa

Sisi watunga mashairi tuna neno moja tunalogawana na watu wa siasa, nalo ni diwani. Mshairi akikusanya tungo zake kitabuni, kitabu hicho huitwa diwani. Mwananchi akichaguliwa na watu wa kata yake aingie katika halmashauri, naye huitwa diwani. Wako wanaodhani kwamba maneno hayo mawili yamekutana kwa bahati tu. Sivyo. Neno lilitoka Uajemi, likapita Uarabuni, na maana yake ya kale ni daftari, yaani kitabu cha kuandikia majina na hesabu. Baadaye likawa jina la ofisi linamotunzwa daftari, kisha la baraza la wakubwa wanaokaa katika ofisi hiyo. Na kwa njia nyingine likawa jina la mkusanyo wa mashairi. Marehemu Shaaban Robert, ambaye naye alikuwa mtumishi wa serikali, alilitumia kwa maana hii ya pili. Huko Mrima, kabla ya kuja kwa Wajerumani, madiwani walikuwa wakuu wa miji ya pwani, watu walioshika cheo kwa nasaba, si kwa kura.

Nimeanza na neno kwa sababu katika kuzitazama habari za udiwani hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini nimeona maana ile ya kwanza ndiyo inayotufaa zaidi. Yafaa tuulize si nani alishinda tu, bali jina la nani liliandikwa daftarini, na la nani liliachwa nje.

Iringa na Mbeya hazikuzaliwa siku moja wala kwa sababu moja. Iringa ni jina la ngome. Lilinga kwa Kihehe ni boma. Wajerumani waliivunja ngome ya Mtwa Mkwawa pale Kalenga mwaka 1894, kisha wakajenga boma lao juu ya kilima, Ruaha Mdogo ukipita chini yake, na jina likahama pamoja na mamlaka. Mbeya ni mji mdogo kwa umri. Uliota katika miaka ya 1920 chini ya Mlima Loleza, kwa ajili ya dhahabu ya Lupa kule Chunya. Basi mji mmoja ulizaliwa na vita na wa pili ulizaliwa na dhahabu; lakini Waingereza waliitawala yote miwili kwa namna moja. Chini ya Sheria ya Miji ya mwaka 1920, mambo ya mji yalikuwa mikononi mwa wakubwa wa serikali na wajumbe walioteuliwa. Hakuna aliyepiga kura. Majina ya mitaa yenyewe yanaeleza habari: Mbeya kuna Uzunguni na kuna Uhindini hata leo.

Na Mwafrika aliyekaa mjini alihesabiwaje? Alihesabiwa kuwa mgeni. Tangu Gavana Sir Donald Cameron alipoleta utawala wa wenyeji mwaka 1926, kila Mwafrika alikuwa na mtemi wake, na hazina yake, na baraza lake huko kwao: Mhehe kwa Mkwawa, Msangu kwa Merere, na kadhalika. Mtu angeweza kukaa mjini miaka ishirini, akajenga nyumba, akazaa watoto, akatoa kodi, na bado mji usimjue isipokuwa kwa jina la kazi yake: mpishi, karani, mchukuzi. Mimi naona hilo lilikuwa dharau kubwa kuliko kodi, maana kodi angalau huandikwa na jina la mlipaji.

Mwaka 1953 ilitungwa sheria mpya ya serikali za mitaa, iliyofungua njia ya kuwapo mabaraza ya miji na ya wilaya yenye wajumbe wa rangi zote. Lakini mafunzo ya kura wananchi wa jimbo letu waliyapata kwanza katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, na Nyanda za Juu Kusini zilikuwa miongoni mwa majimbo matano yaliyotangulia kupiga kura, Septemba 1958. Masharti yalikuwa magumu. Aliyetaka kuandikwa sharti awe amefika darasa la nane, au ana pato la pauni 150 kwa mwaka, ndizo shilingi 3,000, au ameshika cheo kilichotajwa. Mkulima wa mahindi wa Ismani au wa mpunga wa Usangu angezipata wapi shilingi 3,000? Juu ya hayo kulikuwa na kura tatu: kila mpiga kura sharti amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo karatasi yake iliharibika. TANU ilikuwa na sababu zote za kuususia uchaguzi huo. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Mwalimu Nyerere aliwashawishi wenzake wauingie, na historia imeuita uamuzi huo Uamuzi wa Busara.

Matokeo yanajulikana. Kwetu alitoka John Mwakangale, mwana wa Unyakyusa, na kwa upande wa Wazungu Lady Marion Chesham wa Iringa, Mmarekani kwa kuzaliwa, aliyeungwa mkono na TANU. Silaha iliyotengenezwa kuwagawa watu kwa rangi ikawarudia wenyewe waliyoitengeneza. Mwakangale huyo huyo ndiye aliyekuwapo Mbeya Januari 1962 alipopita Nelson Mandela akielekea Addis Ababa. Mandela amesimulia katika kumbukumbu zake jinsi alivyoshangaa kuwaona weusi na weupe wakizungumza pamoja katika hoteli ya mji huo. Uhuru ulikuwa na umri wa mwezi mmoja tu.

Katika uchaguzi wa 1960 masharti yalilegezwa. Sasa ilitosha mtu kujua kusoma na kuandika, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Msomaji, hebu simama kidogo hapo. Kwa mara ya kwanza lugha yetu ilikuwa funguo ya mlango wa serikali. Wazee wengi walioingia katika madarasa ya jioni siku hizo walikuwa na haja ya daftari kama walivyokuwa na haja ya barua za wana wao. Hata hivyo viti 58 kati ya 71 vilipata mgombea mmoja tu, na kwa hiyo wengi waliojiandikisha hawakuitumia kura yao. Ilipofika Novemba 1962, katika uchaguzi wa Rais, masharti ya elimu na mali yaliondoka. Kila mtu mzima akawa mpiga kura.

Mwanzoni mwa 1963 utemi ulifutwa kisheria, na halmashauri za wilaya zikachukua nafasi ya mabaraza ya watemi. Hapa kwetu badiliko hilo lilikuwa na sura ya mtu. Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa, alikuwa mtemi wa Wahehe tangu 1940. Ndiye aliyelipokea fuvu la babu yake kutoka kwa Gavana Twining pale Kalenga mwaka 1954. Mwaka 1962 akawa Spika wa Bunge. Mtu aliyerithi kiti chake akakaa kuongoza mjadala wa watu waliopewa viti vyao kwa kura. Sijui kama pako mahali pengine ambapo zamani na sasa zilipeana mkono kwa adabu namna hiyo.

Baada ya Katiba ya Muda ya 1965 chama kikawa kimoja, lakini ushindani haukufa. Chama kilipendekeza wagombea wawili, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Wengi waliamini kwamba mwenye jembe ana bahati, kwa kuwa wapiga kura ni wakulima. Nakumbuka uchaguzi wa Wabunge wa 1985, nilipokuwa bado mwanafunzi. Baba alimhimiza bibi yangu achague jembe. Bibi akamjibu, "Jembe ninalo tayari. Nyumba yangu ndiyo inavuja." Akaenda akapiga kura ya nyumba, na kwa miaka mingi jibu hilo lilikuwa kichekesho cha nyumbani kwetu, lakini leo naona alikuwa mpiga kura mzuri kuliko sisi sote.

Nimeruka mbele, turudi nyuma, maana hapa ndipo kwenye kiini cha habari. Mwishoni mwa miaka ya 1960 halmashauri zilipokonywa kodi zake kubwa, na kazi zake nyingi, kama shule na barabara, zikachukuliwa na Serikali Kuu. Kisha, kwa ushauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani, ukaja mpango wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, na za miji zikafuata muda si mrefu. Nia iliyotajwa ilikuwa kupeleka madaraka kwa wananchi. Kilichofika mikoani, kwa sehemu kubwa, kilikuwa watumishi wa Serikali Kuu. Wajumbe waliochaguliwa hawakutoweka kabisa, lakini sauti yao ilikuwa ya kushauri, na mtumishi ndiye aliyeamua. Nasema haya nikiwa mtumishi mwenyewe.

Sasa tazama ni miaka gani hiyo. Ilikuwa miaka ya barabara kuu ya Zambia na ya reli ya TAZARA, iliyomalizika kujengwa mwaka 1975. Katika hesabu ya watu ya 1967 Mbeya ulikuwa na watu kiasi cha 12,000. Hesabu ya 1978 ilikuta zaidi ya 75,000. Iringa nao ulitoka kiasi cha 21,000 ukafika kama 57,000. Yaani katika muongo ule ule ambao miji yetu ilipanuka kuliko wakati wo wote uliotangulia, ambapo Mwanjelwa ulijaa na Kihesa ukajaa, ndipo miji ilipokosa baraza lake la kuchaguliwa. Nani angepanga viwanja? Nani angezoa taka? Mabomba yalikauka, mitaro ikaziba, na kipindupindu kikaingia katika miji ya nchi hii. Mwaka 1978 Serikali ililazimika kutunga sheria ya muda ya kuzirudisha halmashauri za miji. Sheria za 1982 zikazirudisha zote, za miji na za wilaya. Uchaguzi ukafanywa 1983, na tarehe 1 Januari 1984 halmashauri zikaanza kazi upya. Mabadiliko ya Katiba ya 1984 yakaziandika ndani ya Katiba yenyewe, ili zisivunjwe tena kwa wepesi.

Mwalimu mwenyewe, alipohojiwa mwaka huo huo wa 1984, alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa, na kuvunja vyama vya ushirika, ni mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza tena. Kiongozi kukiri hivyo akiwa bado madarakani si jambo la kawaida, na ungamo hilo lastahili kukumbukwa kama yanavyokumbukwa maazimio.

Habari za vyama vingi ni za karibu, nami nitazipitia upesi. Sheria ilibadilishwa 1992. Oktoba 1994 ukafanywa uchaguzi wa kwanza wa serikali za mitaa chini ya vyama vingi. Tangu hapo miji yetu miwili imekuwa na tabia ya kwenda pamoja kama ndugu. Mwaka 1995 yote miwili ilipeleka Bungeni Wabunge wa NCCR-Mageuzi. Mwaka 2010 na 2015 ikapeleka wa CHADEMA. Na mwaka 2015 chama hicho kikapata pia madiwani wengi katika Jiji la Mbeya na Manispaa ya Iringa, hata mameya wakatoka upande wake. Mwaka 2020 CCM ikairudisha miji yote miwili mikononi mwake, nao wapinzani wakayalalamikia matokeo. Watu huzungumza zaidi juu ya Wabunge, lakini soko, dampo, kituo cha mabasi na ada ya genge ni mambo ya diwani, na mama muuza ndizi wa Soko Matola hulijua jina la diwani wake kabla hajalijua la waziri.

Daftari nalo limebadilika. Zamani tuliandika majina kwa kalamu, kwa kila uchaguzi upya. Mwaka 2004 likaanza Daftari la Kudumu. Mwaka 2015 zikaletwa mashine za kuchukua alama za vidole, na kazi hiyo ilianzia Makambako, katika Mkoa wa Njombe uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Nilikuwa mmoja wa waandikishaji katika kituo kimoja cha kijijini mwaka huo. Akaja mama mmoja mtu mzima, akaweka vidole juu ya kioo, na mashine ikakataa. Akaviweka tena, ikakataa. Kijana aliyeshika mashine akamwambia kwamba vidole vyake havina alama.

"Mwanangu," alisema yule mama, "alama zangu zimebaki kwenye mpini."

Tulimfuta vidole kwa kitambaa chenye maji, tukajaribu cha gumba, kisha cha shahada. Mara ya nne mashine ikakubali, kadi ikatoka ingali na joto, naye akaomba asomewe jina lake lilivyoandikwa.